Kitambaa Cheupe Getini

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Chiriku alikuwa na kazi ya kupeleka chai chumbani kwa Bibi. Mkono wa kulia ulibeba kikombe, mkono wa kushoto ulibeba dawa ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo, ambayo Bibi aliiita filimbi yake.

"Leta filimbi, refa yuko uwanjani," Bibi alikuwa akisema. Kisha anavuta dawa, anashikilia pumzi, anaitoa taratibu, na siku ya nyumba ile inaanza rasmi.

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa mzima kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akila, aliongea akifua, na mama yake aliapa kwamba aliwahi kumsikia usingizini akibishana na mtu kuhusu zamu ya kufuta ubao. Nyumbani walikuwa watatu tu: Bibi, Mama na yeye. Nyumba yao ilikuwa katika safu ya mwisho kabisa ya mtaa wa juu. Ukitoka nyuma hukuti nyumba nyingine tena, ni misonobari na mawe mpaka kileleni.

Kiangazi kile mvua ilikuwa imegoma. Nyasi zilikauka hadi zikawa zinavunjika chini ya kandambili. Upande wa pili wa bonde msitu ulikuwa unaungua, na ingawa moto wenyewe haukuonekana mchana, moshi wake ulikuja kila siku bila kualikwa. Nguo zilizoanikwa nje ziliingia ndani na majivu. Shule ilifungwa, maana mwalimu mkuu alisema hesabu na kikohozi haviendi pamoja. Chumba cha Bibi kilifungwa madirisha kutwa, na mlangoni ikawekwa taulo yenye maji ili moshi usipenye.

Kiongozi wa kuzuia moto mtaani alikuwa Kinyozi, mtu wa maneno machache na utani mkavu. Jioni moja aliwakusanya watu mbele ya duka lake la kunyolea.

"Jamani, ule moto hauwezi kuvuka bonde kwa miguu," alisema. "Lakini upepo ukigeuka, cheche zitavuka. Cheche ikiangukia kichwa kilichonyolewa, inazimika yenyewe. Ikiangukia nywele, shauri yako."

Watu walicheka, na wenye vipara wakajipapasa. Kinyozi hakucheka. Alieleza kwamba kila nyumba ifagie majani makavu, isafishe mifereji ya paa, isogeze kuni mbali na kuta, na takataka zote zipelekwe kwa toroli hadi shimo la mtaa, kule chini barabarani. Nyumba itakayomaliza itundike kitambaa cheupe getini.

"Boza letu ni moja na maji yake ni ya kubahatisha," alisema. "Siku ya cheche, boza litasimama kwenye nyumba zisizo na kitambaa, lizimwagie maji. Penye kitambaa litapita. Kwa hiyo kitambaa si pambo. Kitambaa ni neno lako."

Dereva wa boza hilo alikuwa Mama yake Chiriku. Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Mama alimshika bega.

"Mwanangu, mimi nitakuwa barabarani kutwa. Nyumba nakuachia wewe. Utaweza?"

"Mama, hiyo kazi ni mchezo tu kwangu."

"Sijauliza kama ni mchezo. Nimeuliza kama utaweza."

"Nitaweza," Chiriku akasema, na alimaanisha.

Kusema kweli, kesho yake alichapa kazi. Tusimwonee mtoto wa watu. Alipanda ngazi akakomba mifereji ya paa mpaka kucha zikawa nyeusi. Alihamisha kuni zote kutoka ukutani hadi karibu na geti. Alifagia mbele, akafagia ubavuni, akasukuma toroli kwenda shimoni na kurudi, na kila aliporudi kile kilima kilikuwa kimeongezeka urefu. Alivaa barakoa kama Mama alivyomwagiza, na jasho likawa linaingia ndani yake.

Ilibaki sehemu moja tu. Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la kuku la zamani, la mbao tupu, na kati ya banda hilo na ukuta wa chumba cha Bibi palikuwa na uchochoro mwembamba. Majani ya misonobari yalikuwa yakiangukia humo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kuyagusa. Chiriku alichungulia. Mjusi naye akachungulia kutoka upande wa pili. Kulikuwa na joto, kulikuwa na miiba, na mtu hakuweza kuingia ila kwa ubavu.

Hapo ndipo aliposikia sauti ya Kiranja. Huyu alikuwa msichana wa nyumba ya jirani, kiranja wa darasa lao, na hakupenda mtu asahau cheo hicho hata shule ikifungwa.

"Chiriku, bado tu?" Kiranja aliuliza juu ya uzio. "Sisi tumeshatundika chetu. Mtaa mzima umebaki ninyi na fundi viatu. Na fundi viatu ana haki, mguu wake mbovu. Wewe sijui mguu wako upi mbovu, labda ulimi."

Maneno yale yalimchoma. Chiriku alitazama mtaani akaona vitambaa vyeupe vimening'inia geti hadi geti. Akatazama ule uchochoro. Akatazama rundo la mwisho la majani ambalo bado lilikuwa pembeni ya toroli, na kilima cha kwenda shimoni. "Nani atakuja kuchungulia huku?" alijiuliza. Jibu likaja haraka kuliko kawaida: hakuna.

Basi alichukua reki, akalisukumia lile rundo la mwisho humo humo uchochoroni, juu ya majani ya zamani. Akavuta kipande cha bati kuukuu, akaziba mdomo wa uchochoro, ukaonekana safi kabisa. Kisha akaingia ndani, akaomba kipande cha shuka kuukuu la Bibi, akakitundika getini.

Kinyozi alipita jioni. Alisimama, akatazama uwanja uliofagiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kichwa kimenyolewa chote, binti?"

"Chote."

"Hata kisogoni?"

"Hata kisogoni."

"Hongera. Bibi yako amepata mtu," alisema Kinyozi, akaenda zake.

Usiku ule Mama aliporudi na macho mekundu kwa moshi, alikiona kitambaa, akamkumbatia binti yake. Chiriku angependa asikumbatiwe. Alikula kidogo, akasema ana usingizi.

Siku mbili zilipita bila jambo. Siku iliyofuata, karibu na adhuhuri, upepo uligeuka.

Uligeuka ghafla, milango ikajibamiza. Moshi uliokuwa ukisitasita juu ya bonde ulishuka mtaani mzima mzima, jua likawa la rangi ya chungwa, na kuku wa majirani wakaenda kulala wakidhani ni jioni. Watu waliingia ndani na kufunga madirisha. Mama, aliyepitia nyumbani mara moja, alilowesha taulo upya, akaiweka mlangoni kwa Bibi, akaacha ndoo ya maji karibu.

"Kaa na Bibi. Usimwache avute moshi," alimwambia Chiriku huku akivaa buti. "Mimi napeleka boza kwa wasio na vitambaa. Afadhali sisi tuko tayari, sina haja ya kuwaza nyumbani."

Akaondoka mbio. Chiriku alifungua mdomo kumwita, lakini ulimi, ule ulimi uliojulikana mtaa mzima, ulikuwa mzito.

Chumbani, Bibi alikaa kitandani akiegemea mito. Pumzi zake zilikuwa fupi, lakini macho yalikuwa macho. Juu ya bati la paa vitu vidogo vilianza kudondoka, kama mtu anayerusha punje za mahindi moja moja. Zilikuwa cheche.

"Ziache zidondoke," Bibi alisema. "Mimi sina wasiwasi. Mjukuu wangu amefagia."

Chiriku alitazama sakafu.

"Mbona huongei leo?" Bibi akauliza. "Chiriku akinyamaza, ujue anaumwa."

"Siumwi, Bibi."

"Basi kuna kitu."

Kilikuwepo, na kilikuwa upande wa pili wa ukuta ule ule ambao Bibi alikuwa ameegemea. Chiriku aliogopa. Aliogopa cheche, na aliogopa hata zaidi uso wa Mama siku atakapojua. Lakini kadiri punje zile zilivyogonga paa, ndivyo hofu ya pili ilivyozidi kupungua. Akapiga moyo konde. Akavaa barakoa, akachukua ndoo. "Bibi, nakuja sasa hivi," alisema, akatoka, akaufunga mlango vizuri nyuma yake.

Mpango wake ulikuwa kuyaondoa majani kimyakimya, mtu asijue. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilifikia mwisho pale pale alipovuta lile bati. Ndani ya uchochoro, chini kabisa ya majani, palikuwa na moshi mwembamba unaopanda ukutani. Cheche ilikuwa imeshaingia. Alimwaga ndoo nzima. Majani yakatoa sauti ya kukasirika, moshi ukakatika, kisha ukaanza tena hatua chache mbele, mahali ambapo mkono wake haukufika. Mbao za banda zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

Wakati huo huo akasikia boza linapanda mtaa. Alikimbia hadi mbele ya nyumba. Aliliona lile boza la bluu likija, Mama kwenye usukani, Kinyozi amesimama kwenye kidaraja cha mlango ameshika chuma. Mama alikiona kitambaa cheupe getini. Akapiga honi mara mbili, kama salamu, na akapita bila kupunguza mwendo.

Chiriku hakuwahi kuona kitu kibaya kama boza lile likimpita. Alikinyofoa kitambaa, kikachanika ukingoni, akaingia barabarani mbio huku akikipunga juu ya kichwa. Akapita geti la Kiranja, akapita watu waliokuwa wakichungulia madirishani, na wala hakujali nani anamwona. Kinyozi ndiye aliyegeuka. Alipiga mlango wa boza kwa kiganja, breki zikalia.

"Kuna nini?" Mama aliuliza kutoka dirishani. "Bibi?"

Chiriku alivuta barakoa chini. Alisema yote kwa pumzi moja, kwa sauti ambayo kila dirisha lilisikia.

"Mama, nyumba yetu haiko tayari. Nilidanganya. Nyuma ya chumba cha Bibi kuna majani, niliyaficha mimi kwa bati, nikatundika kitambaa. Yameshika moto."

Mama alimtazama mara moja tu. Aliweka gia ya nyuma, na boza lile likarudi mtaa mzima kinyumenyume kwa kasi ambayo Chiriku hakujua kwamba boza linayo.

Kinyozi aliruka na shoka, akaanza kulivunja banda. Mama alivuta mpira wa maji. Chiriku alikimbilia ndani. Moshi ulikuwa umepenya kwenye fremu ya dirisha, na Bibi alikuwa ameinama akikohoa kikohozi kisichokuwa na nafasi ya kuvuta hewa, mkono wake ukipapasa mto. Filimbi ilikuwa imeanguka chini ya kitanda. Chiriku alilala kifudifudi, akaitoa, akaifuta kwa gauni lake.

"Bibi, niangalie mimi. Vuta. Shikilia. Toa taratibu. Tena."

Bibi alivuta. Akashikilia. Akatoa. Mara ya pili pumzi ikaingia vizuri zaidi kidogo. Chiriku alimpa bega, akamtoa hatua kwa hatua hadi chumba cha mbele ambako hewa ilikuwa afadhali, akaziba mlango kwa taulo, akakaa naye hadi midomo yake iliporudiwa na rangi. Ndipo Bibi alipomfukuza kwa mkono: nenda kafanye kazi.

Nje, banda lilikuwa chini. Mama alimwaga maji, Kinyozi akafukua, na Chiriku akaburuta majani kwa reki kutoka kwenye ule uchochoro, ambamo sasa aliingia kwa ubavu bila kuuliza miiba wala mjusi. Kioo cha dirisha la Bibi kilipasuka kwa joto. Ukuta ukabaki na doa jeusi refu kuliko mtu. Lakini moto ulizimika.

Mama alikunja mpira wa maji. "Maji yaliyobaki ni ya fundi viatu," alisema kwa sauti kavu. "Yeye hakutundika kitambaa. Alikuwa anatusubiri."

Chiriku aliyasikia maneno yale mpaka mifupani. Bahati ilikuwa kwamba Kiranja na wazazi wake, waliposikia yale yaliyosemwa barabarani, walikuwa wameshabeba ndoo kwenda kwa fundi viatu, na paa lake lilikuwa limelowa kabla boza halijafika.

Upepo ulitulia kabla ya jua kuzama. Watu wengine walipumzika. Chiriku alichukua toroli. Alipakia majani yaliyoungua na mbao za banda, akashuka kilima hadi shimoni, akarudi, akapakia tena. Mikono ilimtoka malengelenge. Hakuna aliyemwambia afanye, na hakuna aliyemwambia aache. Alipomaliza, uchochoro ulikuwa udongo mtupu. Ndipo akaenda dukani kwa Kinyozi na kusimama mlangoni.

"Nimekuja unipe adhabu."

Kinyozi alikuwa anafuta mkasi.

"Adhabu sina. Kazi ninayo," alisema. "Kesho utazunguka nami nyumba zote, uchungulie nyuma. Mimi natazama mbele tu, kumbe watu wananyoa mbele na kuacha kisogo. Anayejua pa kuficha ndiye anayejua pa kutafuta."

Walizunguka. Chiriku alijua pa kutazama: chini ya tangi, nyuma ya choo, juu ya paa la jikoni, mahali popote ambapo mtu aliyechoka angeweza kusema "bora liende". Walikuta majani kwenye nyumba nyingi kuliko Kinyozi alivyodhani. Nyuma ya tangi la akina Kiranja walikuta magunia mawili. Kiranja alipoyaona alitafuta pa kuweka uso wake.

"Mwambie Kinyozi ni ya zamani," alinong'ona.

"Mwambie mwenyewe," Chiriku alijibu. "Inauma kidogo, halafu inaisha. Lete toroli, nitakusaidia kusukuma."

Tangu siku ile mtaa ulibadilisha utaratibu. Hakuna aliyeruhusiwa kutundika kitambaa chake mwenyewe. Jirani ndiye aliyeingia, akazunguka nyuma, akainama, akachungulia, na akiridhika ndipo akitundike yeye kwa mkono wake.

Nyumba ya akina Chiriku ilikaa bila kitambaa kwa siku kadhaa, maana hakuwa na ujasiri wa kumwomba mtu. Asubuhi moja hewa ilipokuwa nyepesi, alipeleka chai na filimbi kama kawaida. Bibi alivuta dawa, akashikilia, akatoa.

"Nipe fimbo yangu," akasema. "Nataka kwenda kukagua."

"Bibi, wewe si jirani."

"Ukuta wa kitanda changu uko umbali wa kiganja na ule uchochoro. Jirani gani wa karibu kuliko mimi?"

Alitembea polepole, Chiriku akimshika mkono. Mama, aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini, aliwafuata. Bibi alifika nyuma ya nyumba, akatazama lile doa jeusi ukutani, akainama kwa shida na kupitisha kiganja chake juu ya udongo. Kiganja kilirudi na vumbi tu.

"Sasa nisikilize, mjukuu wangu," alisema. "Siku ile ulilipua kazi, kisha ukaifunika kwa bati, kisha ukalifunika bati kwa neno lako. Ni makosa matatu, na kila moja lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia. Majani peke yake tungeyaona tukayafagia. Kilichotaka kuniua ni kitambaa, kwa sababu kilimwambia mama yako apite. Kumbuka hilo. Kazi isiyokwisha si aibu, ukisema haijakwisha watu watakuja kukusaidia. Lakini ukisema imekwisha, wanaokupenda watakuamini, na watapita."

Alipumzika kupata pumzi. Chiriku alikuwa analia, na hakujificha.

"Na kumbuka na hili pia," Bibi akaendelea. "Ulikimbia barabarani ukasema ukweli mbele ya mtaa mzima. Kwa hiyo leo niko hapa nakusumbua. Kiko wapi kitambaa?"

Chiriku alikitoa mfukoni. Kilikuwa kimechanika ukingoni, na moshi ulikuwa umekifanya cha kijivu. Alikuwa amekifua mara nyingi, hakikukubali kurudi cheupe.

"Nitafute kingine?" aliuliza.

"Hiki hiki," alisema Mama. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile. "Mimi nakifahamu."

Bibi alikifunga getini kwa mkono wake, fundo moja, kisha la pili. Mama akaenda kazini. Baadaye boza la bluu lilipanda mtaa likiwa limejaa maji, na Chiriku alisimama uwanjani na fagio lake akilitazama. Lilifika getini kwao. Mama akatazama kile kitambaa cha kijivu, akapiga honi mara mbili, na akapita bila kupunguza mwendo.